Kutu Chini ya Nyumba ya Magurudumu

Somo letu la leo ni historia ya nyumba za magurudumu, yaani matrela ya kulala ambayo hukokotwa na motokaa.

Mwaka 1959 Mmarekani aitwaye Wally Byam aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town. Walipita Uganda, Kenya na Uhabeshi, wakafika Misri mwaka 1960. Matrela hayo, ya aina ya Airstream, yaling'aa kama fedha kwa kuwa yalifunikwa bati la aluminiamu. Macho ya mtu huenda kwanza kwenye bati. Lakini mzigo ulibebwa na vitu vilivyofichika: fremu ya chuma, ekseli na springi.

Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Ndiyo sababu trela la zamani laweza kung'aa juu, na huku chini limekwisha kuliwa.

Katika miaka ya 1950 matrela hayo yalikalia springi kama za lori, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gurudumu likiingia shimoni, vipande hupinda na kuteleza. Maji yakipenya katikati, kutu huvimba na kuvizuia visiteleze. Mwisho springi hupasuka. Hapo badili springi za pande zote mbili. Ukibadili moja tu, trela litalala upande.

Mwaka 1961 kiwanda kilileta ekseli ya namna nyingine: bomba la chuma lenye fito za mpira ndani yake. Gurudumu lipandapo, mpira hubanwa. Lakini mpira nao huzeeka, hukauka na kuwa mgumu, na bomba laweza kuliwa na kutu. Ikifika hapo, fundi hubadili ekseli nzima.

Je, ukipata trela kuukuu, ufanyeje? Usiingie chini yake kwa kutegemea jeki peke yake. Liegemeze kwanza kwa vyuma imara. Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha gonga kwa nyundo. Ukikuta chuma kizima, paka rangi ya kuzuia kutu. Kikimeguka, usikifiche kwa rangi, kibadili. Toa beringi, zioshe kwa mafuta ya taa, uzitie grisi mpya. Zenye mikwaruzo zitupe.

Kazi hii si ya urembo. Ekseli ikikatika njiani, gurudumu huchomoka, na huenda likampiga mtu apitaye zake kwa miguu. Fundi anayepaka rangi juu ya chuma kilichooza amemdanganya mwenye mali, na amemhatarisha jirani pia.

Sasa jibuni katika daftari zenu:
1. Kwa nini bati hung'aa na huku fremu imeoza?
2. Ekseli ya mwaka 1961 ilitofautianaje na ya zamani?
3. Taja kitu kimoja nyumbani kwako ambacho hujakitazama chini yake.

Kwaherini.