Asali ya Kibira kama Ushahidi wa Historia

Baba yangu aliuza asali katika soko kuu la Bujumbura, pale Rohero, tangu kabla sijazaliwa hadi soko lilipoungua tarehe 27 Januari 2013. Husimulia kwamba mwanzoni aliweka aina mbili mezani: asali ya mikaratusi, na asali nyeusi, chungu kidogo, aliyoiita ya Kibira. Katika miaka ya 1990 hiyo ya pili ilipungua mpaka ikatoweka. Baba husema, "Nyuki wa msituni wamekwisha." Katika insha hii ninaichunguza kauli hiyo.

Kibira ni msitu wa milimani, kaskazini-magharibi mwa Burundi, wenye hekta zipatazo 40,000, nao unaungana na Nyungwe ya Rwanda. Nyuki wa porini huhitaji humo makazi na chakula. Makazi yao ni mivungu ya miti mikubwa, na mvungu hauwi katika mti mchanga. Chakula ni mbochi na chavua za maua yanayopokezana mwaka mzima: mizambarau ya porini, Prunus africana, mti tunaouita umuremera kwa Kirundi, pamoja na vichaka vya ukingoni. Maua yakikosekana, kundi zima huweza kuhama.

Tukitazama ardhi, baba anaonekana kusema kweli. Mashamba ya chai ya Teza na Rwegura yapo ukingoni mwa msitu, na mchai unaochumwa kila mara haupati nafasi ya kuchanua. Misonobari huchavushwa na upepo, haina mbochi. Mikaratusi ina mbochi nyingi, lakini hukatwa kabla haijazeeka. Nyuki anaweza kula hapo, ila hapati pa kulala.

Hata hivyo, kutoweka kwa asali sokoni si sawa na kutoweka kwa nyuki msituni. Wakoloni wa Kibelgiji waliutenga msitu huu kuwa hifadhi mwaka 1933, na mwaka 1980 ukafanywa mbuga ya taifa. Kurina asali humo kukawa kosa. Kisha vita vilivyoanza 1993 viliufanya msitu kuwa njia na maficho ya wapiganaji. Mrina asali gani angethubutu kuingia usiku na mwenge wa moshi? Kwa hiyo tarehe za baba zinaafikiana na vita kuliko na kupungua kwa miti. Kilichokatika kwanza ni njia ya kutoka mvunguni hadi Rohero.

Nilimsomea baba rasimu yangu. Alinyamaza, kisha akasema asali ile ililetwa na Batwa wawili, ndugu, waliojua kila mti na mwezi wake wa kuchanua. Alinunua kwao miaka mingi. Siku moja hawakuja tena. Nilipomuuliza majina yao, alisema hakuwahi kuuliza.

Nahitimisha kwamba kauli ya baba haijathibitishwa. Sheria za msitu zimeandikwa na zinasomeka. Maarifa ya waliowajua nyuki hayakuandikwa, nasi tuliokula asali yao hatukuwauliza. Anayetaka kuandika historia ya nyuki wa Kibira aanze kwa Batwa wazee wa vijiji vya ukingoni, wangali hai, kabla ya kufungua jalada lolote.