UZI: Ati mikataba ya kimataifa ni karatasi tu?

1/ Kila mjadala wa siasa ukichacha, lazima mtu aseme: "Hiyo mikataba ni karatasi tu, tujitoe." Mimi nasoma sayansi ya siasa, na mwaka wa kwanza hata mimi nilikuwa naisema. Kisha nikasoma historia ya silaha za kemikali. Twende pole pole.

2/ Aprili 1915, karibu na Ypres, Ubelgiji, Wajerumani walifungua mitungi ya klorini, upepo ukaipeleka kwa mahandaki ya adui. Wapinzani wao nao wakaanza kutumia gesi. Mwaka wa 1925 ikaja Itifaki ya Geneva: gesi vitani, marufuku.

3/ Lakini cheki pengo. Ilikataza kutumia tu. Kutengeneza na kuweka ghalani, sawa. Wakaguzi, hakuna.

4/ Aliyeumia ni jirani yetu. Italia na Ethiopia zote zilikuwa ndani ya itifaki hiyo. Vita vya 1935–36, ndege za Italia zikawamwagia Waethiopia gesi ya haradali, wanajeshi na raia. Juni 1936 Kaizari wao alienda Geneva mwenyewe kulalamika mbele ya Shirikisho la Mataifa. Mwezi uliofuata, vikwazo dhidi ya Italia vikaondolewa. Hapo kweli ilikuwa karatasi.

5/ Sasa linganisha. Mkataba wa Silaha za Kemikali ulianza kazi 1997, na Kenya imo. Huu unakataza kutengeneza, kuweka na kutumia. Uko na shirika lake, OPCW, pale The Hague, na wakaguzi wanaingia hadi viwandani. Julai 2023 Marekani ikaharibu silaha yake ya mwisho. Tani zaidi ya 72,000 zilizotangazwa na wanachama zikawa zimeisha.

6/ Shida imeisha? Bado. Syria ilijiunga 2013, ikatoa akiba iliyotangaza, lakini 2017 sarini ikaua watu Khan Shaykhun. Wachunguzi wa kimataifa wakasema ni serikali. Mwaka huo huo, kura ya turufu katika Baraza la Usalama ikazuia wachunguzi hao kuongezewa muda. 2021 ndipo OPCW ikainyima Syria haki ya kupiga kura.

7/ Kwa hivyo mtu akikuambia mkataba ni karatasi, muulize mawili: nani anakagua? Na mkosaji akipatikana, nani anamgusa? Ethiopia ilikosa yote. Syria, la kwanza lilijibiwa, la pili likakwama. Kujitoa hakujibu hata moja.

Una hoja tofauti? Weka hapa chini, lakini kuja na mfano.