Sahihi ya babu, gesi ya mjukuu

Kila mjadala wa mafuta ya Turkana naskia: "Marekani mwenye shamba hulipwa." Sawa, tuone West Virginia.

1/ Kule, mwenye ardhi anaweza kumiliki gesi iliyo chini. Wengi zamani walisaini mikataba ya malipo yasiyobadilika: kiasi kile kile kila mwaka kwa kila kisima, gesi itoke nyingi au kidogo.

2/ Kisima kikiendelea kutoa, mkataba haufi. Wajukuu wakarithi sahihi ya babu.

3/ 1982, bunge la jimbo likasema: ukitaka kibali cha kisima kipya, lipa angalau 1/8.

4/ Kwetu, Katiba inasema mafuta ni ya umma. Sheria ya 2019 inaipa jamii ya hapo 5% ya mgao wa serikali. Swali langu: nani anatusainia, na kwa miaka mingapi?