Safu ya Lugha: Difu, krosi na propela

Pikapu kuukuu ya Land Rover ikigonga kila dereva anapoachia klachi, utasikia: "Difu imekufa." Jamani, tusiisingizie difu! Hilo ni kasha la meno kwenye ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu. Likichakaa, aghalabu huvuma. Kugonga mara nyingi ni krosi, kiungo chenye mikono minne kwenye ncha za propela. Zuia magurudumu, ingia uvunguni, zungusha propela kwa mkono. Krosi ikicheza, na unga mwekundu wa kutu ukitoka kwenye vikombe vyake, badilisha krosi tu.

Propela nayo, neno la Kiingereza, kwenye gari ni bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye difu. Inayosukuma meli majini ni rafadha. Basi tutaje majina sawasawa kwa fundi, maana mteja anayetaja difu ovyo hufunguliwa difu nzima.