Mchango wa vyuo vikuu katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo

Louisville (Kentucky), Columbus (Ohio) na Buffalo (New York) ni miji ya Marekani ambayo vyuo vikuu vyake vya umma ni miongoni mwa waajiri wakubwa na husomesha madaktari wa hospitali zake. Faida kwa wenyeji, hata hivyo, hutegemea chuo kimejengwa wapi na kinampokea nani.

Buffalo ndiyo inayolidhihirisha hilo zaidi. Chuo Kikuu cha Buffalo kilianzishwa 1846 kikifundisha udaktari, na mwaka 1962 kikaingia katika mfumo wa vyuo vya jimbo la New York. Kampasi mpya iliyohitajika haikujengwa katikati ya mji bali Amherst, nje kabisa ya mipaka yake. Wanafunzi na fedha zao wakaenda huko. Hadi leo reli ya mji huishia kampasi ya zamani iliyobaki mjini, haifiki Amherst. Wakazi walipungua kutoka 580,000 mwaka 1950 hadi 261,000 mwaka 2010. Chanzo kikuu kilikuwa kufa kwa viwanda na kudorora kwa bandari, lakini sehemu kubwa ya chuo ilihama wakati mji ulipokihitaji zaidi. Kitivo cha udaktari kilirejeshwa katikati ya mji mwaka 2017. Sensa ya 2020 ilionyesha ongezeko la wakazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 70, na hapo sifa kubwa ni ya wakimbizi na wahamiaji, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili.

Chuo Kikuu cha Louisville, chenye asili ya mwaka 1798, kiliwatenga Weusi katika tawi lao, Louisville Municipal College, kuanzia 1931. Tawi hilo lilipofungwa 1951, ni mhadhiri wake mmoja tu, Charles H. Parrish Jr., aliyepewa kazi katika chuo kikuu. Mwaka 1998 jimbo, vyuo vya mji na kampuni ya vifurushi UPS, iliyokuwa na uhaba wa wafanyakazi wa usiku, walianzisha Metropolitan College: mwanafunzi hupanga mizigo uwanja wa ndege usiku, naye hulipiwa ada. Ni mpango wenye manufaa ya kweli kwa watoto wa wasio na uwezo, ingawa kukesha kazini na kuamkia darasani ni mzigo mzito.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, kilichoanzishwa Columbus mwaka 1870, kina wanafunzi zaidi ya 60,000 mjini humo, na hufundisha pia Kiswahili na Kisomali. Mwaka 1995 kilishirikiana na mji kuunda Campus Partners ili kufufua mitaa jirani iliyochakaa. Hata hivyo, ardhi ya chuo inayotumika kwa elimu hailipiwi kodi ya ardhi na majengo, ambayo ni tegemeo la shule za mtaa. Kwa hiyo mtaa unaoacha ardhi yake kwa chuo una haki ya kudai nafasi za masomo na kazi kwa watoto wake.