Ukurasa wa Mwisho: Mapenzi ya Jinsia Moja katika Riwaya ya Vijana ya Marekani

Historia ya riwaya ya vijana inayohusu mapenzi ya jinsia moja nchini Marekani yafaa kusomwa kuanzia nyuma, yaani kuanzia ukurasa wa mwisho wa kila kitabu. Kusawiriwa kwa wapenzi wa namna hiyo kuliruhusiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Jambo lililobishaniwa na waandishi, wahariri, walimu na hata majaji ni iwapo wapenzi hao wangeweza kuufikia ukurasa huo wakiwa hai, wenye akili timamu, na wakiwa pamoja.

Chimbuko la ubishi huo halimo katika fasihi ya vijana. Mnamo 1952 Marijane Meaker, akijiita Vin Packer, alitoa Spring Fire, riwaya pendwa yenye jalada jepesi kuhusu wasichana wawili wanafunzi wa chuo. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, na barua za wasomaji wanawake zikammiminikia. Meaker alieleza baadaye kwamba mhariri wake alimpa sharti: hadithi isiishie kwa furaha. Vitabu vilisafirishwa kwa posta, na wakaguzi wangeweza kuizuia shehena nzima iwapo kitabu kilionekana kuyaidhinisha mapenzi hayo. Kwa hiyo mhusika mmoja anarukwa na akili, na mwenzake anatambua ghafla kwamba hakumpenda kamwe. Msuko ulioelekea upande mmoja kwa sura nyingi unavutwa upande wa pili dakika ya mwisho, na msomaji makini huiona kamba iliyouvuta.

Riwaya ya vijana ilirithi sharti hilo hata pale ambapo mkaguzi wa posta hakuhusika tena. I'll Get There. It Better Be Worth the Trip ya John Donovan (1969) huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Davy, mvulana wa miaka 13 anayeishi New York na mama mlevi, anabusiana na rafikiye. Muda si mrefu mbwa wake anagongwa na gari, naye anaamini kwamba hiyo ndiyo adhabu yake. Donovan mwenyewe haungi mkono imani hiyo, na wavulana wale wanaachana kwa heshima. Hata hivyo mbwa amekwisha kufa. Katika The Man Without a Face ya Isabelle Holland (1972) anakufa mwalimu. Katika Trying Hard to Hear You ya Sandra Scoppettone (1974) anakufa mvulana, tena kwa ajali ya gari. Gari limefanya kazi nyingi mno katika vitabu hivi, hata mhakiki aweza kulihesabu miongoni mwa wahusika. Ruby ya Rosa Guy (1976) inastahili kutengwa na nyingine, kwa kuwa upweke wa msichana mhamiaji kutoka visiwa vya Karibi, aliyefungiwa na baba mkali katika mtaa wa Harlem, umechorwa kwa kina ambacho wenzake hawakukifikia. Lakini Ruby naye anaachwa na mpenzi wake, na anajaribu kujiua.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na utaratibu huu. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilimwadhibu Rosa kwa kifo, na bado ikapigwa marufuku shuleni kwa muda.

Badiliko lilikuja na Annie on My Mind ya Nancy Garden (1982). Garden alisimulia kwamba ujanani mwake alikisoma The Well of Loneliness cha Radclyffe Hall, kitabu kilichohukumiwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1928, akaazimia kuandika siku moja kitabu cha namna hiyo chenye mwisho mwema. Liza na Annie wanakutana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Hadithi inasimuliwa na Liza akiwa chuoni, akijaribu kuandika barua asiyoweza kuipeleka. Mwishoni anaiacha barua, anapiga simu, na Annie anaitikia. Hakuna anayekufa. Hata hivyo adhabu haikutoweka katika riwaya hii; imehamishwa tu. Wanaofukuzwa kazi ni walimu wawili wanawake, wapenzi wa miaka mingi, ambao nyumbani mwao wasichana walifumaniwa. Wazee wanalipa ili vijana waokoke. Wahakiki waliokisifu kitabu kwa furaha yake wameipuuza mno bei hiyo, ingawa ndiyo inayoifanya furaha yenyewe iaminike.

Wasomaji walitoa hukumu yao: kitabu kimeendelea kuchapishwa tangu 1982. Wapinzani nao walitoa yao. Mwaka 1993 nakala yake ilichomwa moto hadharani mjini Kansas City, na wilaya ya shule ya Olathe, jimbo la Kansas, ikakiondoa katika maktaba zake. Wanafunzi na wazazi walishtaki, na mwaka 1995 jaji Thomas Van Bebber akaamuru kirudishwe, kwa kuwa kiliondolewa kwa sababu ya mawazo yaliyomo.

Katikati ya kesi hizo, mwaka 1994, Meaker yule yule, sasa akiandikia vijana kwa jina la M. E. Kerr, alitoa Deliver Us from Evie. Binti wa mkulima wa Missouri anampenda binti wa mwenye benki, na wanaondoka pamoja. Mwandishi alihitaji miaka 42 kuurudisha mwisho alionyang'anywa.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Boy Meets Boy ya David Levithan (2003) iliwapa wasomaji mji ambamo mapenzi hayo si habari. Ni ndoto, na haikujificha kuwa ndoto. Last Night at the Telegraph Club ya Malinda Lo, iliyopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2021, inarejea mwaka 1954: Lily, msichana Mchina wa San Francisco, anaisoma riwaya pendwa kwa siri dukani, kama walivyosomwa kina Vin Packer. Yeye anapewa mwisho wake.

Sharti lenyewe halikuwa la Marekani peke yake. "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko, hadithi fupi ya wasichana wawili wa Uganda iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, inamalizikia kwenye kungoja: mmoja alipelekwa London, mwenzake anamwandikia. Wanuri Kahiu alipoigeuza kuwa filamu ya Rafiki (2018), bodi ya uainishaji wa filamu nchini Kenya iliipiga marufuku mwezi Aprili, na Kahiu akaeleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini. Alikataa. Mahakama Kuu iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba, na kumbi za Nairobi zikajaa watu waliokuja kuuona mwisho huo: sauti inayoita jina la Kena, na mkono unaowekwa begani mwake.