Mishipa Nyuma ya Mboni

Mboni ya jicho huonekana nyeusi, na kwa karne nyingi matabibu hawakuweza kuona kilicho nyuma yake kwa mtu aliye hai. Nuru inayoingia jichoni hurudi kwa njia ileile iliyopita. Basi mtu akijongea ili aipokee, kichwa chake huiziba taa, na giza linabaki palepale. Mwishoni mwa mwaka 1850 Hermann von Helmholtz, mwalimu wa fiziolojia mjini Königsberg mwenye umri wa miaka 29, aliweka vipande vyembamba vya kioo mshazari kati ya taa na jicho. Kioo kiliirusha nuru ndani ya mboni, na sehemu ya nuru iliyorudi ikapenya kioo hichohicho na kumfikia mchunguzi.

Ndani kulikuwa na retina, utando mwembamba uliotandwa na mishipa ya damu kama matawi ya mti. Mtoto anapokuwa bado tumboni, jicho huchipuka kutoka kwenye ubongo wa mbele, kwa hiyo retina ni kipande cha ubongo kilichosogea hadi usoni. Humo daktari huona ateri na vena ndogo waziwazi bila kumpasua mtu, na kwa sababu hiyo waliotibu maradhi ya akili walivutiwa na chombo cha Helmholtz mapema.

Mjini Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya West Riding. Kuanzia 1866 iliongozwa na James Crichton-Browne, aliyetaka pawe mahali pa utafiti na si pa kufungia watu tu. Miongoni mwa waliofanya uchunguzi huko alikuwa Thomas Clifford Allbutt wa Leeds, daktari yuleyule aliyefupisha kipimajoto hata kikabebeka mfukoni. Allbutt aliyamulika macho ya wagonjwa mmoja baada ya mwingine, akatoa taarifa mwaka 1868 na kitabu mwaka 1871. Kwa baadhi yao aliona mishipa imejaa damu, na kwa wengine neva ya jicho imepauka na kunyauka. Kazi hiyo yastahili heshima, maana mgonjwa mwenye hofu alipaswa kutulia gizani huku taa ikimwangaza, na daktari hakuwa na picha, bali macho yake na kalamu.

Je, mabadiliko hayo yalitokana na wazimu wenyewe? Jibu lilichelewa. Wagonjwa wengi wa hospitali za namna hiyo walikuwa na maradhi yaliyoanza kwa kuvuruga akili na kuishia kwa kupooza. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore walionyesha vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za waliokufa kwa maradhi hayo. Sehemu ya yale yaliyoonekana machoni, hasa kunyauka kwa neva, ilikuwa alama ya kaswende. Tangu miaka ya 1890 Robert Marcus Gunn wa London alikuwa ameonyesha pia jinsi ateri za retina zinavyobadilika kwa wenye shinikizo la damu. Mishipa ya jicho ikawa shughuli ya madaktari wa moyo, figo na kisukari, na swali la akili likawekwa kando kwa muda mrefu.

Swali hilo lilirudi kupitia kamera na kompyuta, kwa kuwa picha ya retina huhifadhika na upana wa mshipa hupimika. Mjini Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia tangu utotoni watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipofika miaka 38 walipigwa picha za retina, na mwaka 2013 Madeline Meier na wenzake wakatangaza kwamba wenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, walikuwa na vena pana kuliko wengine. Vena pana huenda ni dalili kwamba ubongo haupati oksijeni ya kutosha. Waliosimulia dalili zinazofanana na za skizofrenia wangali watoto nao walielekea kuwa na vena pana.

Palikuwa na pingamizi la haki. Wenye skizofrenia huvuta sigara kuliko watu wengine, kisukari huwapata zaidi, na baadhi ya dawa zao huongeza uzito. Yote hayo hugusa mishipa. Watafiti waliyazingatia katika hesabu zao na tofauti ikabaki, ingawa wagonjwa walikuwa wachache. Kwangu mimi, ushahidi wa mwaka 2015 kutoka kwa mapacha vijana wa Australia una uzito zaidi: hata pacha asiye na dalili, ambaye nduguye anazo, alikuwa na vena pana. Sigara na vidonge haviwezi kueleza hilo peke yake. Huenda familia hurithishana udhaifu wa mishipa pamoja na hatari ya ugonjwa.

Mashine mpya zaidi huonyesha hata kapilari, mishipa midogo kabisa, bila kuchoma sindano ya rangi. Baadhi ya tafiti zimekuta kapilari zimepungua kwa wagonjwa, nyingine hazikukuta tofauti, na picha ya retina haijawa kipimo cha skizofrenia. Mashine hizo humtaka mtu akaze macho bila kuyasogeza kwa sekunde kadhaa. Jicho la mgonjwa likitikisika, picha huharibika na kapilari huonekana chache kuliko zilivyo. Ni ugumu uleule alioukuta Allbutt kule Wakefield.